Mwavuli Mzima

Komredi, mwenyeji wangu huku ughaibuni, aliapa kwamba mvua haitatuharibia matembezi. Akanipa mwavuli uliovunjika vijiti viwili. Ule mzima akaushika mwenyewe, kama inavyomstahili mtu aliyekwishakuwa mkubwa.

Tukatazama benki. Tukatazama benki nyingine, kongwe zaidi. Mbele ya sanamu ya mpanda farasi akanieleza jinsi jamaa huyo alivyosimama peke yake mbele ya jeshi zima.

"Hongera zake," nikasema. "Wenzake walikuwa wamekwenda wapi?"

Akacheka. "Ndugu yangu, bado una maneno yale yale."

Ninayo, na siku yenyewe naikumbuka. Tulipogoma kiwandani miaka ishirini iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Mvua ilinyesha hivi hivi. Aliniambia getini, "Nisubiri hapa, narudi sasa hivi." Polisi walifika, yeye hakufika. Mimi nilikaa ndani miezi minane. Yeye alinitumia kadi kutoka huku, yenye picha ya daraja. Nimekuja mpaka huku nimsikie akisema samahani, na leo siku ya tano ananionyesha benki.

Mvua ikazidi, viatu vyangu vikajaa maji.

"Nisubiri hapa," akasema. "Nalifuata gari, narudi sasa hivi."

Nikamtazama tu, mpaka akayasikia maneno yake mwenyewe. Uso ukamshuka. Akaninyooshea mwavuli wake.

"Twende wote," akasema.

Nikaupokea, nikamwachia ule mbovu. Miaka ishirini, na angalau nimepata mwavuli.