Muhuri wa Wamiliki Watatu

Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya mtaa wa Nguba, Bukavu, na ziwa halikuonekana. Télesphore, mkuu wa shule mstaafu, alikuwa akipangusa gari lake kwa fulana kuukuu, mkewe Chantal alipotoka jikoni na sufuria mkononi.

«Papa, bazungu beko batatu ku portail. Banasema ile motokari ilikuwaka yabo.»

«Je, wana miadi?» aliuliza Télesphore, ambaye alizungumza Kiswahili cha kitabuni hata na kuku.

«Babili bamekufa. Rendez-vous batapata wapi?»

Télesphore aliona kwamba jibu hilo lilikuwa na mantiki, akafungua lango.

Wa kwanza alikuwa mfamasia, mama wa makamo aliyefariki miaka sita iliyopita ndani ya gari hilo, siku ya mvua, akiteremka mlima wa kwao na kukata kona kali ya kushoto. Gari lilinyooshwa, likapakwa rangi, likauzwa kwa mpima ardhi, ambaye naye alifariki katika kona ya namna hiyohiyo. Likanyooshwa tena. Wa tatu, mwalimu wa muziki, alikuwa hai, tena mwenye afya. Alikuwa ameliuza bila kumwambia mnunuzi neno, na tangu siku hiyo hakupata usingizi. Walipangusa viatu kabla ya kuingia.

Kila mmoja alikuwa na barua ya malalamiko katika nakala mbili. Barua zote zilisema jambo moja: mvua inaponyesha, gari likiwa kwenye mteremko, usukani ukikatwa kushoto hadi mwisho hujifunga na haurudi. Kiwanda kilijua. Kilikuwa kimetoa tangazo la kuyaita magari yote ya toleo lile yarudi yakatengenezwe, ila tangazo lilitoka mfamasia akiwa ameshazikwa, nalo lilitumwa kwa jina lake. Malalamiko ya mpima ardhi yalijibiwa kwa kalenda ya ukutani.

Sasa walitaka kitu kimoja tu. Walikuwa wamesikia kwamba Bukavu barua haihesabiwi kuwa imepokelewa mpaka nakala ya pili ipigwe muhuri, iwekwe tarehe na sahihi, irudishwe mikononi mwa aliyeileta. Huko kwao desturi hiyo ilikuwa imekufa. Walimwomba mmiliki wa sasa awapigie muhuri.

Muhuri alikuwa nao. Télesphore alikuwa rais wa umoja wa wanafunzi wa zamani wa shule ya bweni ya mapadri, na muhuri wa umoja aliuhifadhi ndani ya kopo tupu la sardini, katika kabati la vitabu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini kopo la sardini.

Alizisoma barua akiwa amesimama, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha makosa manne ya mfamasia na kumi na moja ya mpima ardhi. Kisha akazirudisha bila muhuri.

«Gari hili,» alisema, «nililinunua kwa mtu niliyekaa naye benchi moja miaka sita.»

Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Aliyemuuzia ni Isidore, muuzaji wa magari yaliyotumika kutoka nje, na walioishi katika bweni lile hawakudaiana karatasi. Kumwomba Isidore hati za gari kungekuwa sawa na kumpekua mifukoni. Basi Télesphore, aliyewahi kuwafukuza shuleni watoto kwa kukosa cheti cha ubatizo, alinunua gari dogo la kifahari, lenye viti vya ngozi vinavyopasha joto makalio, kwa kupeana mkono. Kukiri kwamba gari lina kasoro kungekuwa kukiri kwamba amelaghaiwa na benchi lenyewe.

Wamiliki hawakubishana. Walirudi kesho yake, na kila siku iliyofuata, wakaketi kiti cha nyuma, wakafunga mikanda. Chantal aliwapelekea chai. Kero yake ilikuwa sukari tu.

Télesphore aliendelea kuendesha. Ila hakukata tena kushoto. Kutoka nyumbani kwake hadi kanisani ni dakika kumi kwa miguu. Yeye alitumia dakika hamsini, akikata kulia, kulia, na kulia tena, mpaka mji wenyewe ulipochoka ukamfikisha. Alifika misa ikiwa kwenye sadaka. Watu walipomuuliza, alijibu kwamba ni nidhamu. Wawili watatu walimwamini, na hilo lilimridhisha kuliko inavyostahili.

«Motokari ya kukata upande moja,» Chantal alisema. «Ata mbuzi ya kamba iko inazunguka pande zote.»

Kufikia Januari Télesphore alipata suluhisho lililomwachia heshima yake nzima: atauza. Isidore alimpatia mnunuzi kwa siku mbili tu, jambo ambalo lingemshangaza mtu asiye na benchi. Mnunuzi alikuwa Francine, muuguzi wa kituo cha afya cha Luvungi, ambaye angepanda na kuteremka milima ya Ngomo mara mbili kwa wiki na masanduku ya chanjo, na mara nyingine na akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Kona za Ngomo haziulizi mtu anapenda upande gani.

Isidore alifika kabla ya mnunuzi, akamvuta mwenzake kando ya gari. Aliwasalimu watu wa kiti cha nyuma kwa majina. Alikuwa na tangazo la kiwanda tangu mwanzo.

«Mukubwa, usianze kuhubiri. Mama iko na haraka, motokari inangaa. Nyamaza tu.»

«Ulijua?»

«Weye ulijua sardini ilikuwa ya nani?»

Télesphore alijua. Mwaka 1978 alikula kopo zima la sardini la padri wa nidhamu. Isidore alikuwa ameramba mafuta tu, lakini vidole vyake ndivyo vilivyonuka. Alipigwa fimbo sita mbele ya shule nzima na hakutaja jina.

«Fimbo sita, na nikanyamaza ju yako,» alisema Isidore. «Leo unyamaze ju yangu. Tutakuwa quittes, deni imeisha.»

Francine aliingia akiwa na mwavuli. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Mfamasia alisogea kumpisha. Francine aliwapa wote watatu mkono, akakaa kidogo, akatoka.

«Papa Préfet,» alisema, akimwita kwa cheo chake cha shuleni, «miye sijuwe mambo ya moteri. Banasema weye haudanganyake. Kule Ngomo itanifikisha?»

Mvua ilikuwa imeanza. Isidore alitazama viatu vyake. Télesphore alifungua kinywa kusema kwamba gari ni la kuaminika, na sentensi ilikuwa tayari, yenye kiima na kiarifu. Mwalimu wa muziki alimtazama kupitia kioo kwa macho ya mtu asiyelala.

«Chantal,» Télesphore aliita, «niletee kopo.»

Chantal alikuwa nalo tayari chini ya kitenge. Télesphore alizipokea tena barua dirishani, akapiga muhuri nakala tatu juu ya boneti, akaandika tarehe, akatia sahihi, akazirudisha kwa wenyewe. Barua halisi ya mfamasia alimpa Francine. Aliisoma mpaka mwisho, pamoja na wino mwekundu.

«Merci, papa,» alisema, akafungua mwavuli, akaenda kutafuta basi.

Isidore hakukasirika. «Si kitu. Ile motokari ya nyeusi, muzaliwa moja na hii, nimeuzisha jana kwa mutu wa Luberizi. Na ingine mbili ziko njiani. Lakini weye, Mukubwa, deni yangu?»

«Nitalilipa kama lilivyokopwa.»

Télesphore alivua koti, akalikunja, akainama juu ya boneti. Isidore alivunja tawi la mkaratusi, akaling'oa majani, akapiga kama walivyokuwa wakipigwa shuleni, bila chuki na bila kupunguza. Mfamasia aliteremsha kioo akahesabu kwa Kifaransa. Alipofika *six*, alikifunga, kwa sababu ya mvua.

«Quittes,» alisema Isidore, akinyoosha mkono.

Télesphore hakuushika bado. Alichukua karatasi mbili, akaandika: *Imepokelewa leo, fimbo sita, malipo kamili ya deni la mwaka 1978.* Akampa kalamu mtu aliyekaa naye benchi moja.

«Mukubwa! Kati yetu? Karatasi?»

«Nakala mbili,» alisema Télesphore.

Isidore alitia sahihi zote mbili. Télesphore alizipiga muhuri, akabaki na yake, akaisoma akiwa amesimama, maana kuketi hakukuwezekana.