Mtungi wa Kitanda cha Tatu

Katika wodi yetu ya wagonjwa wa mlipuko wa maradhi, karatasi iliyoingia haikutoka tena, kwa hofu ya maambukizi. Basi mambo yote tuliyabeba kichwani: nani apewe dawa, nani ageuzwe, mtungi wa oksijeni wa nani unakaribia kwisha. Muuguzi mwenzangu mmoja tulimwita Kompyuta, kwa sababu hakusahau kitu. Wakubwa walipolijua hilo wakamwongezea vitanda. Ndiyo shukrani yao hiyo.

Mchana ule nilimpokea zamu. Kwa wiki kadhaa alikuwa akilala kwenye bweni la hospitali asije akaambukiza watu nyumbani. Sasa majibu ya kipimo chake yalikuwa safi, na mumewe alishafika getini na binti yao mdogo. Alinikabidhi wagonjwa mmoja mmoja kwa mdomo, akatoka, akavua mavazi ya kujikinga, akaenda kuoga.

Nilikuwa namgeuza mgonjwa nilipomwona nyuma ya kioo cha mlango, nywele zinachuruzika maji, anagonga kwa viganja vyote viwili. Kwa kofia ya kinga iliyoniziba masikio na mlio wa mashine, sikusikia neno. Alikuwa anaonyesha kitanda cha tatu, alikolala mzee mmoja, dereva mstaafu. Nikamtazama mzee: anapumua vizuri. Nikamwinulia mwenzangu dole gumba. Nenda zako, mama, mtoto anakusubiri.

Akasukuma mlango, akaingia. Hata barakoa hana.

"Mtungi wa babu! Sikukwambia! Unaisha!"

"Toka! Toka wewe!" nilipiga kelele, lakini alishafika, kaushika mtungi. Mshale wa kipimo ulikuwa juu kabisa.

"Nani kaubadilisha?" Kompyuta aliuliza.

Mzee akaisogeza barakoa yake kidogo. "Si wewe mwenyewe, mwanangu? Hata ukanitania, eti sasa nina mafuta ya kunifikisha mpakani."

"Mimi?"

"Wewe. Leo hii hii."

Alisimama akimtazama kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine. Roho iliniuma. Nilitaka kumkumbatia, ila mle ndani hakukuwa na kitu kichafu kuliko nguo niliyoivaa. Sheria ilikuwa haina huruma: aliyeingia bila kinga haendi nyumbani, anaanza karantini upya. Na mimi nisingeweza kutoka kumpelekea mumewe habari, maana nikivua mavazi haya, mengine ya kuvaa hakuna.

Mlinzi wa getini akatokea kwenye kioo. Akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto, kisha akagusa saa yake, kuuliza.

Kompyuta akakipa kioo mgongo. Alinigeukia mimi.

"Mgonjwa wa kitanda cha tano," alisema polepole, "dawa nilimpa?"

"Ulimpa."

"Uliniona?"

Sikumwona. Nilijua tu kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia.