Jangwa Lilipoota Nyasi

Watu wote walipolihama jangwa, mjane mmoja alibaki. Mumewe alifukiwa na kifusi akichimba kisima, na mama mkwe, aliyekwisha kupofuka, alikataa katakata kuondoka. Shemeji, mdogo wa marehemu, alifunga virago akaenda zake mjini.

"Mchanga haulimwi," aliwaambia. "Mkifa na kiu msinilaumu."

Hawakufa. Mjane aliteka maji mbali, akamkogesha kikongwe, na meno yalipomwisha akawa anampondea chakula.

Kisha majira yakageuka. Mawingu yaliyozoea kupita juu kwa juu yakaanza kumwaga mvua, msimu baada ya msimu, hata mchanga ukashikana na nyasi zikachomoza. Redioni wataalamu walisema hewa imebadilika dunia nzima. Kwingine watu wanazama, huku jangwa linarudi kuwa malisho. Mjane akapanda mtama. Ukampita kimo.

Shemeji alirudi na trekta, masuke yamekomaa. Alilitazama shamba, akacheka peke yake.

"Umefanya kazi ya wanaume wawili, shemeji. Ahsante. Sasa kapumzike kwenu."

"Kwetu wapi? Kwangu ni hapa."

"Hukuzaa na kaka. Ardhi ni ya ukoo. Kama huamini, kamuulize mama."

Mjane aliingia ndani akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, mwambie ni nani aliyekaa na wewe."

Kikongwe aligeuzia uso ukutani. Nje trekta lilikuwa likinguruma.

"Wewe uliolewa tu hapa," alisema. "Yule nimemzaa. Usinigombanishe na damu yangu."

Mjane aliinuka. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akatoka. Alikuwa keshafika ukingoni mwa shamba aliposikia anaitwa, kwa sauti ileile ya kila siku, apeleke maji. Akasimama. Shemeji, juu ya trekta, hakusikia kitu kwa kelele za injini. Kikongwe akaita tena. Mjane akahamishia mzigo bega la pili, akashika njia.

Mjini alipata kibarua cha kufua katika nyumba ya wageni. Huko ndiko dereva mmoja wa lori alikomweleza kwamba mtama umevunwa hadi maghala yamefurika, na kwamba kikongwe hakuwahi kuuonja. Wavunaji walimkuta amekufa sakafuni, amejikokota hadi karibu na mlango.

"Alikuwa mama yako?" dereva aliuliza.

"Hapana," alisema, akaendelea kukamua shuka.