Programu ya Shemeji

Dada yetu alikuwa amemkimbia mumewe na kuhama mara mbili, na kila alikohamia shemeji alimfuata na ngumi zake. Alipohama mara ya tatu, aliishuku kompyuta mpya aliyonunuliwa na mumewe kabla hajamkimbia; hakuiwasha huko, alimletea kaka.

Kaka alikuwa fundi kompyuta. Mimi nilitoa fotokopi kwenye meza ya pili ya duka letu. Kaka aliifungua ile kompyuta, akaguna.

"Dada'angu, humu mna mpelelezi. Iliwekewa programu kabla hujaitoa kwenye boksi. Kila unapoiwasha, mumeo anaona ulipo."

"Ing'oe."

"Nenda nyumbani. Nitaileta ikiwa safi."

Kaka alikuwa na kawaida moja: alisafisha kompyuta bila kuzima intaneti, ili mteja asingoje programu mpya zishuke baadaye. Alifuta michezo na matangazo yaliyokuja na mashine, kisha akaigeukia ile ya shemeji. Akiifuta, inajirudisha. Alitokwa jasho, akaichimbua kwenye mafaili yake yote mpaka ikaisha. Lakini intaneti ilikuwa wazi. Kabla ya kuzimika, ile programu ilimtumia shemeji ujumbe kuwa inaondolewa, na kumwonyesha mtaa na duka.

Shemeji aliingia na nondo. Hakutoa hata salamu. Pigo la kwanza lilipasua kioo cha kaunta, la pili likavunja mkono wa kaka.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Shemeji, sisi tunauza fotokopi," kaka alisema, ameukumbatia mkono. "Wake hatuuzi."

Nondo ikamshukia mbavuni, akaanguka. Nilimrukia shemeji mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Alinibamiza ukutani, meno mawili yakanitoka.

"Sema, mbwa wewe! Anakaa wapi?"

"Iulize kompyuta yako," kaka akajibu kutoka sakafuni.

Shemeji akampiga kichwani. Akampiga tena, na tena, mpaka fundi viatu wa jirani alipoingia na nyundo na kumvunja goti. Watu wakamlalia, wakamfunga kwa waya wa printa. Bado alikuwa anauliza, povu mdomoni, yuko wapi, yuko wapi.

Kaka alikata roho kwenye gari tukimkimbiza hospitali, kichwa chake mapajani mwangu.

Nilifika kwa dada nikiwa na nguo zilizolowa damu. Alinitazama, akaegemea mlango.

"Kaka alimwambia ninakokaa?"

"Hakumwambia, mpaka akakata roho."

Dada akaketi kizingitini, akalia kwa sauti, bila kujali nani atamsikia.