Harufu ya Keki Kwenye Mkoba

Kitendawili: kitamu, hakiliwi, kinavaliwa, hakionekani. Hebu fikirini. Mimi jibu nililipata nikiwa nimeshaharibu.

Mjukuu wangu ana kisukari tangu darasa la sita. Mimi ndiye ninayempima damu kila asubuhi na kuificha sukari ya nyumbani. Utani wetu mkubwa. Namwita mke mwenzangu. Basi wiki ile kila akirudi kutoka kazini ananukia vanila, siagi ya moto, sukari iliyoungua kidogo, na kakao kwa mbali. Harufu nzito, ya kung'ang'ania pazia hadi kesho yake. Nikasema moyoni, huyu anakula keki kwa kificho, nami nitampoteza hivi hivi nikiona.

Jumanne nikamfuata huko kwenye chumba cha ushonaji anakofanya kazi. Cherehani nne zinanguruma, mteja mmoja kasimama anapimwa kiuno. Harufu ikanipokea mlangoni.

"Mke mwenza, lete mkoba!"

"Shikamoo, Bibi. Kuna nini tena?"

"Shikamoo utanipa baadaye. Ziko wapi hizo keki?"

Sikungoja jibu. Nikaumwaga mkoba juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kikatoka kitana, zikatoka sindano zake za insulini, na kichupa cha manukato. Wenzake wakazikodolea macho zile sindano. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuwa amemwambia mtu.

Fundi mkuu akachukua kichupa, akacheka. "Keki yenyewe hii, Bibi! Anajipulizia, sisi tunashinda na njaa humu ndani."

Mjukuu wangu hakucheka. Aliziokota sindano moja moja. "Kula siwezi," akasema taratibu. "Nikaona basi angalau ninukie."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Kesho yake alijipima mwenyewe, mlango kaufunga. Nikarudi kule kwa mafundi. "Jana nilimvunjia heshima mjukuu wangu mbele yenu," nikasema, "na mbele yenu namwomba radhi." Cherehani tatu zikanyamaza. Yake ikaendelea.

"Nimesikia, Bibi. Nenda nyumbani, nina kazi."

Jioni akanipita sebuleni. Nikavuta pumzi: sabuni tu.

"Mama, si ujipulizie? Mimi sina neno tena," nikamwambia.

"Hamu imeniisha, Bibi," akasema, akaingia chumbani kwake.