Hesabu ya Mbalamwezi

"Udaga ule ni wangu," Selestina alisema, na darasa zima, lililojaa watu wa mkutano wa barabara, likageuka kumwangalia.

Ukutani, juu ya ubao, mwanga wa projekta ulionyesha njia ya baiskeli inayotoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa, kwenda sokoni. Imetandikwa turubai la bluu, na juu ya turubai udaga wa muhogo umelala unaota jua kama mgeni aliyekuja likizo. Baiskeli hakuna. Kuku wawili wapo.

"Mmeona wenyewe," alisema Abdulnasir, mwenye duka la mabati na saruji kandokando ya njia hiyo, akimnyooshea Selestina kidole. "Mama Dorkas amekiri. Njia imegeuka kichanja! Itolewe, magari yapate pa kusimama. Wateja wangu wanatoka Bunda huko, wakifika hapa wanazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Watu walicheka. Selestina naye alicheka. Udaga wake ulikuwa umetoka vizuri kwenye picha.

Mhandisi Stellah, binti mpole aliyeletwa kusimamia barabara, alisoma kwenye kompyuta yake. "Tulihesabu siku tatu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Zilipita baiskeli kumi na moja. Kwa hiyo mapendekezo ni kung'oa mawe ya ukingo yanayotenga njia na magari, barabara iwe moja. Kazi inaanza kesho."

Kumi na moja. Goti la kushoto la Selestina lilisikia kabla ya masikio yake. Miaka kumi na minne amebeba dagaa wabichi kwa baiskeli, ndoo moja kila ubavu na beseni kwenye keria. Zamani, kabla ya mawe yale, lori lilimpiga kwa kioo cha pembeni akaenda chini na mzigo wote. Watu walikimbia kumwokoa. Walianza na dagaa. Tangu siku hiyo akitembea anachechemea, lakini juu ya baiskeli hakuna anayejua, na tangu njia ijengwe hajageuza shingo kutazama nyuma. Mawe yenyewe hayafiki hata magotini. Yanatosha.

Akasimama. "Mwanangu, hizo siku tatu zilikuwa lini?"

"Wiki juzi, mama. Jumatatu mpaka Jumatano."

"Na usiku wake ulitazama juu?"

"Juu wapi?"

"Juu! Mwezi ulikuwa kama sinia la pilau. Dagaa tunawavuaga kwa taa, mwanangu. Mbalamwezi ikiwaka, taa inamdanganya nani? Mitumbwi inalala, na sisi tunalala. Ndizo siku tunazoanikaga udaga." Akamgeukia Abdulnasir. "Ni sawa na mimi nije kuhesabu wateja wa huyu baba Ijumaa, saa ya sala. Nitaandika duka limekufa, libomolewe!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Hata Abdulnasir alitabasamu, kisha akakumbuka yuko upande gani, akajikohoza.

Stellah hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari, akakipigia mstari. "Hilo sikulijua, mama. Lakini fomu imeshafungwa na kupelekwa."

"Ifungue."

"Si mimi ninayefungua."

"Basi mwambie anayefungua kwamba mitumbwi imerudi ziwani tangu juzi. Kesho tutapita. Akishindwa kutuhesabu kwa macho, atatuhesabu kwa masikio."

Jioni alipita kibandani kwa Hamduni, fundi baiskeli, ambako wabeba dagaa wote hujaza upepo. Hamduni alikuwa anakaza spoku za gurudumu la nyuma la baiskeli ya Selestina.

"Wewe mama unapenda kesi," alisema. "Sasa mtalala barabarani?"

"Nilale nini, na mzigo nani atabeba? Tutapita tu. Kila mtu na namba yake. Waambie wote wanaokuja kujaza upepo."

"Na asiyejua kuhesabu?"

"Asikilize wa mbele yake, aongeze moja."

Asubuhi mitumbwi ya kisiwa cha Rukuba iliingia imejaa. Jua lilikuwa halijamaliza kunyanyuka, na kwenye kichwa cha njia alikuwa amesimama Felisiani, kibarua, na nyundo ya kilo saba begani. Jiwe la kwanza la ukingo alishalilegeza. Nyuma yake, kando ya gari la kazi, alisimama Stellah na daftari.

Selestina alikuja anakanyaga polepole, ndoo zinachuruzika maji ya ziwa.

"Mama, pisha," Felisiani alisema. "Mimi nimetumwa tu."

"Pisha wewe. Mimi nina mzigo."

Felisiani akarudi hatua moja, nyundo ikiwa juu, akingoja apite.

"Moja!" Selestina alipaza sauti.

"Mbili!" Huyo alikuwa Mseti, mbeba dagaa mwenzake, nyuma yake.

"Tatu!" Petronila, akiongeza na mlio wa kengele.

Nyundo ikabaki hewani. Nne, tano, sita. Felisiani akabadilisha mkono. Mtu wa kumi na moja alipita akiimba namba yake kama padri, na wa kumi na mbili alipopiga kelele, vigelegele vilianzia mwaloni vikapanda mpaka sokoni. Felisiani akaishusha nyundo chini, akauegemea mpini.

Abdulnasir alikuwa mlangoni pa duka lake, mswaki mdomoni. Midomo yake ilikuwa inacheza kufuata namba.

Stellah alifungua daftari, akaandika hesabu mpya, akageuza ukurasa.

Selestina hakutazama nyuma. Mbele yake lami ilikuwa kavu, na kila alipopita aliacha mstari mwembamba wa maji. Nyuma mtu aliita thelathini na nane. Akashusha mzigo sokoni, akageuza baiskeli, akaanza kurudi mwaloni kwa safari ya pili, kengele yake ikiulizia namba inayofuata.