Saa ya Upande wa Pili

Siku ile nilikuwa kwenye mtihani, na msimamizi alikuwa mwanangu wa kumzaa. Hakuuita mtihani. Kirrily ni nesi, na manesi wana namna yao ya kukuambia jambo baya huku wanakunyooshea shuka. Aliniambia hivi: "Mama, tujaribu Jumamosi moja. Wewe na watoto peke yenu, asubuhi mpaka mchana. Tuone utajisikiaje."

Mimi nilijua nitajisikiaje. Alichotaka kuona ni kama bado nafaa.

Mwezi wa Februari Kirrily alikuwa anaanza zamu za usiku. Ama wajukuu wangu walale kwangu siku tatu kwa wiki, ama familia nzima ihamie mbali, Toowoomba, kwa wakwe zake, wenye nyumba kubwa, bustani kubwa, na akili ambazo hakuna aliyezitilia shaka. Zangu zilitiliwa shaka tangu Novemba, nilipoacha mayai yakichemka nikaenda kumwagilia maua. Sufuria moja tu. Marehemu mume wangu aliwahi kuunguza jiko zima na mapazia yake, na watu walicheka mpaka Krismasi. Lakini yeye alikuwa na miaka arobaini. Ukiwa na sabini na nne, sufuria moja inaitisha kikao.

"Ng'ombe hazeeki maini," nilimwambia Kirrily mlangoni asubuhi ile, nilipokwenda kuwachukua watoto.

"Siulizi maini, Mama," akasema. "Kofia zao ziko kwenye mfuko. Mafuta ya jua kila baada ya saa mbili. Angus asipewe tikiti nyingi, anatapika. Na boya lake la bata lisiingie maji yanayokimbia."

"Mimi nimewafundisha kuogelea nusu ya watoto wa Currumbin kwenye hori lile. Na wewe ukiwemo."

"Najua, Mama."

Alilisema hilo "najua" polepole, kwa sauti ya wodini. Nikakasirika, na nikikasirika sisikii vizuri. Kwenye friji yao kulikuwa na karatasi ya maji kujaa na kupwa, ya duka la ndoano na chambo la mtaani kwao. Niliitupia jicho huku mwanangu akiendelea kunihesabia kofia. Jumamosi, maji kujaa, saa nne na robo. Vizuri, nikasema moyoni. Maji yakijaa yanatulia, na yakitulia hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linakuwa beseni la kuogea. Angus ataelea na bata wake saa nne na robo.

Kirrily anakaa Tweed, mimi nakaa Currumbin, na kati yetu ni dakika kumi na tano za gari na mpaka wa majimbo. Wakati wa kiangazi wenzetu wa kule husogeza saa zao mbele kwa saa nzima, na sisi wa Queensland hukataa. Watoto wanaupenda sana mchezo huo. Tuliondoka kwao saa mbili na nusu, tukafika horini saa mbili kasorobo.

"Bibi, tumefika kabla hatujaondoka," akasema Angus, kama anavyosema kila mara. Ana miaka minne na nusu, na ole wako ukiisahau hiyo nusu.

"Kwa hiyo bado uko kitandani," akamjibu dada yake Willa, mwenye miaka tisa. "Lala."

Tukatandika mkeka wetu chini ya miti, kwenye mchanga ule mweupe ambako maji ya mwanzo hayamfiki mtoto magotini. Kila familia inayojijua huenda hapo. Waokoaji wako upande wa pili wa mwamba, kwenye bahari yenyewe, kwa sababu kule kuna mawimbi. Huku kuna akina mama wenye watoto wachanga, mababu wenye viti vya kukunja, na samaki wadogo wanaowatekenya watoto vidole. Nilifanya kila kitu. Niliwapaka mafuta mpaka masikioni. Niliwapa mkate wa jibini. Tikiti nilimkatia Angus vipande viwili, akaomba cha tatu, nikamnyima, akaniita bibi mchawi, nikamwambia mchawi hatoi hata hivyo viwili. Willa alicheka sana. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona nimeshafaulu.

Ilipogonga saa nne nilitazama maji. Juu kidogo ya yalipofikia palikuwa na mchanga wenye unyevu, upana wa hatua mbili hivi. Nilijiambia ni wimbi la boti iliyopita. Hakuna boti iliyokuwa imepita.

Saa nne na robo nikampulizia Angus bata wake, nikamkalisha ndani, nikamwacha kwenye maji yasiyonifika gotini. "Hapa hapa," nikamwambia. "Usivuke ule ukuti wa mnazi uliokwama pale mbele." Kisha nikageuka kumfunga Willa nywele. Kufunga nywele kunachukua muda gani? Nilipogeuka tena, Angus alikuwa ameshaupita ukuti, na ukuti wenyewe ulikuwa unamfuata.

Hakuwa analia. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alikuwa ameketi ndani ya bata kama mfalme mdogo, anatupungia mkono.

"Kwaheri, Bibi," akasema. Alikuwa anacheza.

Niliingia majini. Maji yakanifika kiunoni, na hapo nikayahisi. Hayakuwa yametulia hata kidogo. Yalikuwa yanakwenda, mazito na ya haraka, maji makubwa ya bamvua yanayorudi baharini, na yakaunyanyua mguu wangu wa kulia, ule wenye nyonga ya chuma, kama mtu anayeondoa kiti. Nikaanguka. Nikameza maji, nikashika mchanga, nikasimama, nikaanguka tena. Ndipo karatasi ya friji iliponirudia akilini. Karatasi ya kwao, saa za kwao. Saa nne na robo ya Tweed ni saa tatu na robo yetu. Maji yalikuwa yanatoka kwa saa nzima, na mimi ndiye niliyempakia mjukuu wangu juu yake na kumwambia akae hapo hapo.

"Nitamfuata," akasema Willa. Alikuwa kando yangu, maji kifuani, anavua kofia.

Nikamkamata mkono. "Huendi."

"Bibi, najua kuogelea. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Nimesema huendi."

"Anaondoka, Bibi. Tazama, anaondoka." Alinivuta, akanipiga, mtoto ambaye hajawahi kunipiga. Nilimshika kwa mikono miwili, nikazidi kumshika, huku yule mwingine akizidi kuwa mdogo. Mtu asikudanganye kwamba hofu inakupa nguvu. Mimi ilininyima hata sauti. Nilitaka kupiga kelele, kikatoka kitu kama kikohozi. Nilikuwa nimesimama mahali ninapopajua kuliko jikoni kwangu, na sikuwa na la kufanya ila kumzuia mtoto mmoja asife na kumtazama mwingine akienda. Mbele yake kulikuwa na daraja la watu, na baada ya daraja ni mlango wa hori, ambako maji yanayotoka hupigana na mawimbi yanayoingia.

Aliyemwona ni msichana mmoja aliyekuwa amesimama juu ya ubao wake, kafi mkononi, akirudi kutoka mlangoni. Alipiga magoti, akapiga makafi matano au sita, akamshika yule bata shingoni. Angus akampungia na yeye.

Alimleta mpaka mchangani. Nilimpokea, nikamkagua vidole na masikio kama aliyezaliwa dakika ile. Alikuwa mkavu kichwani.

"Bibi, uko salama?" yule msichana akaniuliza. Aliniuliza mimi, hakumuuliza mtoto.

"Nilidhani maji yamejaa sasa hivi," nikasema. "Nilisoma saa za Tweed."

"Aa, pole. Hilo hutupata sote. Juzi nilikwenda kazini saa nzima kabla ya wakati, nikakaa mlangoni kama mlinzi." Akacheka, akaondoka na ubao wake. Hata jina sikumuuliza.

Tulikaa kwenye mkeka, mimi katikati, nimewafunika taulo wote wawili kwenye jua la nyuzi thelathini. Baada ya muda Willa akasema, bila kunitazama, "Bibi, si lazima Mama ajue."

Nilipaswa kumwambia mara moja kwamba mama yake lazima ajue. Sikumwambia. Nilisema, "Kula mkate wako." Nilizipima Jumatatu, Jumanne na Jumatano zangu, vitanda viwili nilivyokwisha kuvitandika kwenye chumba cha nyuma, na nikaona mtoto wa miaka tisa ananipa rushwa, nami nimeinyoosha mikono. Niliona aibu, na sikuirudisha mikono.

Kirrily alifika saa sita na chipsi na samaki kwenye karatasi. Hakupata hata nafasi ya kuifungua. Angus akamwaga mtama.

"Mama, nilikwenda mpaka karibu na daraja. Peke yangu. Bibi alianguka mara mbili na Willa alilia na dada mmoja alinileta kwa ubao."

Kirrily akanitazama mimi, akamtazama Willa. Willa alikuwa anachimba mchanga.

"Ni kweli, Mama?"

"Ni kweli." Nikamweleza yote: karatasi, friji, saa ya kwao na saa ya kwetu. Nilisema haraka mno, nikasikia mwenyewe ninavyojitetea. "Kila mtu hapa hukosea hivyo, Kirrily. Wewe mwenyewe mwaka jana ulikosa miadi ya daktari wa meno kwa sababu ya saa hizo hizo. Tulicheka wiki nzima."

"Tulicheka, ndiyo."

"Sasa?"

"Mimi nina miaka thelathini na minane, Mama."

Laiti angenifokea. Nimelelewa na watu wa kufoka, nami nimelea kwa kufoka. Ningemjibu, angenijibu, tungenuniana mpaka jioni, tukamaliza. Badala yake aliiweka chini ile karatasi ya samaki, akachuchumaa mbele yangu, akanishika kiwiko. Vidole vyake viwili viliteremka vyenyewe mpaka kwenye mshipa wa mkono. Sidhani hata alijua anafanya hivyo.

"Umeumia popote? Uligonga kichwa?"

"Sikugonga kitu."

"Sawa. Ngoja nikuulize swali dogo tu, usinikasirikie." Sauti ile ya wodini, laini, ya kunyoosha shuka. "Leo ni siku gani?"

Nilikuwa naijua. Naapa nilikuwa naijua, na tarehe yake, na mwezi, na saa ya pande zote mbili za mpaka. Nilikaa kimya kidogo kwa hasira tu, kwa kutaka ajue ni tusi gani amenitukana. Kisha nikainua macho nimjibu, na nyuma ya bega lake nikamwona Willa. Alikuwa ameacha kuchimba. Ananitazama bila kupepesa, na midomo yake inatamka polepole, bila sauti, ili mama yake asisikie: Ju-ma-mo-si.

"Jumamosi," nikasema.

Willa akashusha pumzi.